Mahali pa Moto Katika Nyumba ya Gusii

Mpwa wangu anaishi Minnesota, waliko Wakisii wengi, na mimi ndiye fundi wa nyumba anayojenga karibu na Keroka. Tulipofika kwenye lenta alinipigia simu. "Mjomba, ramani ina mahali pa mtungi wa gesi. Huku Marekani kuna miji iliyokataza gesi katika nyumba mpya. Isije ikawa tunajenga kitu kitakachopigwa marufuku kesho." Nilimwambia atume kwanza pesa za simiti. Lakini swali lilikuwa la haki, na kwa mtu aliyejenga majiko ya kila namna katika Kisii na Nyamira, kaunti mbili za Gusii, jibu lake ni historia. Moto wetu umehama kutoka chumba hadi chumba, na kutoka kuni hadi makaa, mafuta ya taa na gesi. Amri juu yake zimetolewa nyingi. Ninavyoona mimi, ulihama kila nyumba ilipobadilika, na amri ambazo hazikugusa ukuta zilipita bila kubadili chochote jikoni.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa ya mviringo, kuta za fito na udongo, paa la nyasi. Ndani iligawanywa mara mbili. Upande mmoja ulikuwa eero, alikoketi mzee na wageni wake, na ulikuwa na mlango wake. Upande wa pili ulikuwa wa bibi, na humo ndimo yalimokuwa mafiga matatu, kuni na mahali pa kulala. Hapakuwa na dirisha la maana wala bomba la moshi. Moshi ulipanda ukapenya nyasi polepole, na njiani ukafanya kazi: uliua wadudu wa paa, ukazikausha fito zisiliwe na mchwa, ukahifadhi mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya meko. Uliumiza pia macho na vifua, na vilivyoumia vilikuwa vya wanawake na watoto, maana mzee alikuwa upande wa pili wa ukuta.

Moto huo ulikuwa pia wa kuota. Sehemu za juu za Gusii zinapita mita 2,000 juu ya bahari, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na jioni ya Julai pale Nyansiongo hakai mtu bila sweta. Chinsaga, mboga yetu chungu, ilichemshwa, ikatiwa maziwa, ikaachwa kando ya makaa usiku kucha hadi uchungu upungue. Maharage yalichukua nusu siku. Kwa hiyo anayetaka kuuondoa moto wa kuni katika nyumba ya Gusii ajue kwamba anaondoa jiko na joto kwa pamoja, na akileta mbadala wa kimoja tu, kile kingine kitaurudisha moto ndani.

Serikali ya kwanza kuuingiza moto huo katika daftari lake ilikuwa ya Mwingereza. Mji wa Kisii, ambao wazee bado wanauita Bosongo, ulianzishwa mwaka 1907. Mwanzoni mwa 1908 Mgusii aliyeitwa Otenyo alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote, na jeshi likaja kulipiza kisasi, likachoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Baada ya hapo kodi ya kibanda ikashika. Ililipwa kwa kila nyumba, na kwa kuwa kila mke alikuwa na nyumba yake na mafiga yake, mzee wa wake watatu alilipia meko matatu. Kilichochomwa humo ndani hakikumhusu mtoza kodi. Kuni zilikuwa za bure na vichaka vilikuwa karibu.

Vichaka havikudumu. Watu waliongezeka, mashamba yakagawanywa kwa wana na wajukuu, na miti ya kienyeji ikapisha wimbi na mahindi. Pengo lilizibwa na mkaratusi, ambao huku tunauita blugamu. Mti huu uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kulisha injini za reli. Kwa hiyo ulikuja kama kuni tangu mwanzo, na Gusii ukapata makao: unakua haraka, ukikatwa unachipua kutoka kwenye kisiki, na haudai palizi kama mahindi.

Badiliko kubwa kuliko yote lililetwa na bati. Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za Kenya ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930. Baadaye zikaja pareto na chai. Pesa za mazao hayo zilinunua mabati, na bati halipatani na mafiga. Moshi hauna pa kupenyea, hivyo hugeuka masizi, na asubuhi ya baridi jasho la bati hudondosha matone meusi kwenye kitanda na kwenye vitambaa vya viti. Mama mwenye nyumba mpya hakuvumilia hayo. Akajengewa kijumba cha kupikia nyuma, mara nyingi cha nyasi, na nyumba kubwa ikabaki safi na baridi. Hakuna chifu aliyeitisha baraza kuamua hivyo. Katika umri wa mtu mmoja tu, boma kwa boma, moto ulitolewa ndani ya nyumba kuu uliyokaa tangu zamani, na aliyeutoa ni paa.

Mimi niliingia kazini wakati wa tofali, na sisi mafundi tuna sehemu yetu katika habari hii. Tofali la Gusii hufyatuliwa mabondeni, kwenye udongo wa majimaji kama wa Sironga, likaanikwa, kisha likapangwa tanuu na kuchomwa kwa magogo ya blugamu. Tanuu huwaka usiku na mchana. Nyumba ya kudumu ilikuwa imeshateketeza miti mingi kabla mwenyewe hajachemsha chai ya kwanza humo. Watu wanapohesabu kuni za Gusii huzihesabu jikoni. Wangeanzia kwenye tanuu.

Kisha waende kiwandani. Mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, iliundwa mwaka 1964, na huku kwetu vikaja viwanda ambavyo majina yake kila mtoto anayajua: Nyankoba, Kebirigo, Sanganyi, Nyansiongo, Kiamokama, Nyamache, Ogembo. Majani ya chai hukaushwa kwa joto, na joto hilo hutoka kwenye boila. Viwanda vya KTDA viliwahi kutumia mafuta mazito ya tanuru, na mafuta yalipokuwa ghali vikageukia kuni. Huo ndio mkasa ambao mpwa wangu hataupata Marekani: huku kwetu viwanda vikubwa viliacha mafuta ya kisukuku bila kusukumwa na midahalo ya hali ya hewa. Viliyaacha kwa sababu ya bei tu, na deni likaandikiwa miti. Mkulima aliyeona lori la kiwanda likinunua magogo alipanda blugamu hata bondeni, kando ya kijito, ambako zamani palikuwa na chemchemi.

Mjini Kisii habari ilikuwa nyingine. Mpangaji wa chumba kimoja Mwembe au Nyanchwa hawezi kuwasha kuni chumbani. Alipikia mafuta ya taa kwenye stovu ya utambi, au makaa yaliyoshuka kwa magunia kutoka upande wa Transmara. Jiko la makaa lenye kigae ndani, lililoenea baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati uliofanyika Nairobi mwaka 1981, lilimpunguzia gharama. Mafuta ya taa yalidumu kwa sababu yaliuzwa kwa kipimo cha mfuko wa maskini, hata chupa ya soda. Mwaka 2018 serikali iliyatoza shilingi 18 zaidi kwa lita ili kuzuia watu kuyachanganya na dizeli. Lengo lilikuwa kumkomesha mchanganyaji wa dizeli, na aliyekomeshwa ni mpishi wa chumba kimoja.

Amri za wazi nazo zilifuatana. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito na vyanzo vya maji. Mabaraza yetu yakawaka. Waliokuwa wameona visima vyao vikikauka walishangilia. Wenye miti waliuliza watasomesha watoto kwa nini, na wanawake waliuliza swali fupi zaidi: tupike kwa nini? Miti mingine ilikatwa, na visiki vikachipua. Februari 2018 ikaja marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma na ya jamii, iliyodumu hadi Rais Ruto alipoiondoa mwaka 2023. Gusii, ambako karibu kila mti una mwenyewe na zaidi ya watu 900 wanaishi katika kila kilomita ya mraba ya Kisii, marufuku hiyo haikuleta jiko jipya popote nilipofanya kazi.

Kuna kanuni moja tu ya nishati iliyowahi kunifanya nibadilishe ramani. Ilitoka mwaka 2012, nayo ilidai kwamba jengo lililo ndani ya eneo la serikali ya mtaa na linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lifungiwe mitambo ya jua. Majengo yaliyokuwepo yalipewa miaka 5. Tukaanza kuuliza paa litabeba tangi la uzito gani, na mabomba yapite wapi kabla ya plasta. Ilikuwa na mapungufu yake, kwa kuwa ilihusu maji ya kuoga na kuosha, na nyumba ya kijijini haikuwemo. Ila ilizungumza na fundi wakati ukuta ungali wazi.

Basi nirudi kwa miji ya Marekani. Berkeley, California, ulikuwa mji wa kwanza kule kukataza mabomba ya gesi katika majengo mapya, mwaka 2019. Wenye mikahawa wakaenda mahakamani, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikaitangua sheria hiyo. Hoja ya Berkeley ilieleweka: mji una stima ya uhakika, na bomba la gesi likishazikwa chini ya nyumba litachoma gesi kwa miaka 50. Kwetu hakuna bomba. Kuna mtungi wa kilo 6 unaobebwa na bodaboda. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zikipikia kuni, karibu robo zikipikia gesi, na stima haikufika hata nyumba 1 katika 100. Mwanamke wa Nyamira aliyepata mtungi ametoka kwenye moshi kwa mara ya kwanza katika ukoo wake. Na mtungi wenyewe umesukwasukwa na kodi: iliondolewa 2016, ikarudi kwa asilimia 16 Julai 2021, ikashushwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa tena 2023. Mwaka ule iliporudi nilipita katika nyumba nilizojenga nikaona mitungi imesimama kona, na kijumba cha nyuma kinafuka.

Stima nayo tunayo, tena nyingi yake haitokani na mafuta. Mto Kuja, unaoteremka kutoka milima yetu, umezungusha mitambo ya Gogo kule Migori tangu enzi za ukoloni, na Sondu-Miriu hutoa megawati 60. Mwaka 2015 ada ya kuunganishwa ilishushwa hadi shilingi 15,000, na nguzo zikapanda hadi vijijini, nyingi zikiwa za mkaratusi. Lakini nyaya nyingi zilizoingia nyumbani ni za taa na redio. Hazibebi jiko, na radi za Gusii hazimpi mtu imani ya kutegemea stima peke yake kwa chakula cha jioni.

Dada yangu, mama yake huyo kijana, ndiye atakayeishi katika nyumba ya Keroka. Aliposikia habari za marufuku aliniambia, "Wewe nijengee pa kuota moto, hayo mengine mtaelewana wenyewe." Nikajenga jiko la ndani lenye meko ya matofali na bomba la moshi linalopita juu ya paa. Nje ya ukuta nikaweka kizimba cha mtungi chenye matundu ya hewa chini, kwa sababu gesi ikivuja hutambaa sakafuni. Na nikapitisha waya mnene hadi mahali pa jiko la stima ambalo bado hatuna.

Wenye mamlaka ya kuyafanya hayo yawe desturi wako karibu. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti mipango ya makazi pamoja na usambazaji wa stima na gesi, na Sheria ya Nishati ya 2019 inazitaka ziwe na mipango yao ya nishati. Wawakilishi wa wadi wa Kisii na Nyamira wakishawishika kupiga marufuku kitu, wataikuta foleni ya marufuku zilizotangulia, na wanawake wakipika kama kawaida. Ningewaomba mambo matatu yadaiwe kabla ramani haijapigwa muhuri: bomba la moshi katika kila jiko la kuni, kizimba cha gesi nje ya ukuta, na waya unaoweza kubeba jiko. Wakati wa msingi na kuta gharama yake ni ndogo, na mwenye nyumba huilipa mara moja. Akisubiri hadi plasta ikauke, ataulipia ukuta uleule mara mbili, na mimi ndiye nitakayempelekea hesabu.