Programu ya kufuatilia wapinzani (poka)

Programu ya kufuatilia wapinzani huhifadhi kumbukumbu za poka ya mtandaoni na kuzigeuza kuwa takwimu za kila mchezaji. PokerTracker, mojawapo ya programu za mwanzo, ilitoka mwaka 2001.

Vipimo vya msingi ni viwili: asilimia ya raundi ambazo mchezaji huweka fedha kwa hiari kabla ya karata za mezani kufunuliwa, na asilimia ya raundi anazopandisha dau katika hatua hiyo. Anayeingia mara 50 kwa 100 lakini hupandisha mara 5 tu hatishiki kirahisi. Dhidi yake, mpinzani huongeza dau akiwa na karata nzuri, si kwa kumtisha akiwa na karata duni. Takwimu za raundi chache hupotosha.

Katika kasino za Nairobi, zikiwemo za Westlands, wachezaji huketi ana kwa ana na programu hii haitumiki. Mtandaoni, tovuti ya poka ya GGPoker huipiga marufuku wakati wa mchezo. Nchini Kenya, sheria ya kamari ya mwaka 1966 ilifuatwa na Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya 2025. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Kwa mwenye dau dogo, faida kuu ya programu hii ni kukagua makosa yake mwenyewe.