Waya Uliopita Mbele ya Malindi

Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulilazwa baharini kutoka Aden hadi Zanzibar, ukateremka Msumbiji na kuishia Durban. Ulipita mbele ya Malindi, Mambrui na Takaungu bila kupanda. Malindi haikuwa kijiji cha kupuuzwa, kwani mashamba yake ya nafaka yalilisha Zanzibar na Arabuni. Kilichoharakisha waya ule ni vita: Januari mwaka huohuo Wazulu waliwashinda Waingereza Isandlwana, na habari zikachukua karibu siku 20 kufika London. Tangu hapo waya wa baharini humfuata aliyeshika hatamu. Kuishi kando ya bahari hakujatosha.

Waya wenyewe unashuhudia hayo. Ndani mlikuwa na shaba, juu yake utomvu mgumu wa miti ya Malaya wa kuzuia maji, kisha nyuzi za chuma za kuukinga na miamba. Aliyeweza kukusanya vitu hivyo ni mwenye dola na meli. Mombasa iliunganishwa na Zanzibar Waingereza walipohitaji kuitawala bara. Upande wetu wa Malindi zilifika nguzo za simu za nchi kavu mwaka 1891, kutoka Mombasa hadi Lamu. Mwaka 1895 ugomvi wa ukoo wa Wamazrui wa kurithi utawala wa Takaungu ulipogeuka vita, Arthur Hardinge, balozi wa Uingereza Zanzibar, aliweza kuwasiliana na London kwa waya, na mwaka uliofuata askari wakaletwa kutoka India. Wapinzani wake walitegemea tarishi na majahazi.

Atakayesema hayo ni ya ukoloni na yamekwisha, aitazame Ngomeni, jirani ya Malindi. Kuanzia 1967 hadi 1988 Waitalia walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco la huko, ikiwemo ile iliyopewa jina Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Hata hivyo, miaka mingi baadaye intaneti ya Kenya bado ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya kusuasua. Hali ilibadilika serikali ilipoamua kulaza waya wake wa TEAMS kutoka Fujairah, ikishirikiana na Etisalat, na kampuni za humu nchini zikanunua hisa. Ulifika Mombasa mwaka 2009. Tuliposhika hatamu, waya ulitufuata.

Wengine watauliza: Mombasa haitoshi, nayo iko mwendo wa kilomita 120 tu kutoka Malindi? Siku za salama inatosha. Lakini Februari 2012 nanga ya meli iliukata waya wa TEAMS karibu na Mombasa, na Mei 2024 kukatika kwa nyaya za baharini za EASSy na Seacom upande wa Afrika Kusini kulidhoofisha intaneti ya Kenya na Tanzania. Waya ukikatika, meli huenda kuvua ncha zake kwa kulabu, na mafundi wakaunga nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, na anayenusurika ni mwenye njia ya pili. Njia hiyo ingeweza kupandia pwani yetu. Ni kweli Mto Sabaki humwaga tope jekundu katika ghuba ya Malindi, na miamba yetu ya matumbawe haifai kukwaruzwa. Hayo yapimwe na wataalamu, ghuba kwa ghuba, hadi Kilifi. Ninachokidai ni kwamba waya mwingine utakapopangwa, watu wa kaunti ya Kilifi, Malindi ikiwemo, wawepo kabla ramani haijachorwa.