Kigeugeu au Kutolingana? Msamiati wa Kauli Zisizopatana kati ya Kigali na Arusha

Kabeza ni mtaa wa sekta ya Kanombe, wilayani Kicukiro, karibu na uwanja wa ndege wa Kigali. Kama ilivyokuwa katika sehemu nyingi za jiji hilo, baada ya mwaka 1994 Kinyarwanda kilikutana huko na lugha walizokuja nazo waliorejea kutoka Uganda, Tanzania, Burundi na Kongo. Sera nayo ikabadilika. Mwaka 2008 serikali iliamua kuwa Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia, na mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi pamoja na hizo tatu. Katika mazingira hayo, anayetaka kusema kwamba kauli mbili hazipatani ana misamiati kadhaa ya kuchagua. Makala haya yanadai kwamba misamiati hiyo haina uzito mmoja, na kwamba historia ya karibuni ya Rwanda inaonyesha gharama ya kuichanganya.

Katika Kiingereza cha kila siku, neno inconsistent, ambalo asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusimama pamoja, hutumika kwa timu inayoshinda leo na kufungwa kesho, kwa hesabu zisizooana, na kwa maelezo yanayotofautiana. Neno hilo hueleza hali, wala halimtuhumu mtu kwa lazima kuwa ni mwongo. Kiswahili kina maneno yanayokaribiana nalo, kama vile kutolingana, kukinzana na kupingana. Hata hivyo, maneno yanayowajia wasemaji upesi ni yale yanayomtaja mtu mwenyewe: kigeugeu, linalotokana na kugeuka, ndumilakuwili, linalohusishwa na nyoka adhaniwaye kuuma kwa ncha zote mbili, na mnafiki, lililotoka katika Kiarabu. Kinyarwanda nacho hutenga kwivuguruza, yaani kujipinga kwa maneno, na indyarya, yaani mnafiki. Kwa hiyo lugha zote tatu zinaweza kutofautisha kasoro ya kauli na kasoro ya tabia. Hatari huzuka pale mfasiri anapovuka mpaka huo bila kujua.

Mfano ulio wazi ni kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Kesi hiyo ilisikilizwa jijini Arusha na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Novemba 1994. Mashahidi wengi walitoa ushahidi kwa Kinyarwanda, huku mahakama ikifanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa. Upande wa utetezi ulionyesha tofauti kati ya maelezo waliyoyatoa mashahidi kwa wapelelezi na yale waliyoyasema kizimbani. Katika hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998, majaji hawakuzichukulia tofauti hizo kuwa uongo moja kwa moja. Walizingatia kwamba maelezo ya awali hayakutolewa kwa kiapo, kwamba yalipitia tafsiri, kwamba muda ulikuwa umepita, na kwamba mashahidi wengi walikuwa wamejeruhiwa nafsi. Aidha, mwanaisimu Mathias Ruzindana aliitwa kama mtaalamu kufafanua matumizi ya istilahi za Kinyarwanda. Ilibainika pia kwamba baadhi ya mashahidi walisimulia waliyoyasikia kana kwamba waliyaona, lakini walipoulizwa waziwazi waliweza kutenganisha mambo hayo mawili.

Funzo la kesi hiyo linakihusu Kiswahili moja kwa moja. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya, pamoja na Kiingereza. Kadiri Kiswahili kinavyoingia katika mabaraza na mahakama, ndivyo wakalimani watakavyolazimika kutafsiri hoja kuhusu ushahidi unaotofautiana. Mkalimani akisema kwamba maelezo ya shahidi hayalingani, amewasilisha swali ambalo shahidi anaweza kulijibu. Akisema kwamba shahidi ni kigeugeu, ameshatoa hukumu kabla ya jaji. Kwa sababu hiyo, kamusi na mafunzo ya ukalimani hayana budi kuonyesha wazi ni neno gani hupima kauli na ni lipi humpima mtu.