Kumtumaini Mungu Katika Mateso: Wasomaji wa Buganda, 1879–1892

1.0 Utangulizi

Kila mwaka, tarehe 3 Juni, mahujaji kutoka Uganda na nchi jirani hukusanyika Namugongo, nje kidogo ya jiji la Kampala. Baadhi yao huwa wametembea kwa miguu siku nyingi. Wanaokumbukwa ni Wakristo 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga II kati ya mwaka 1885 na 1887. Katika mahubiri na katekisimu, wafiadini hao hutajwa kama kielelezo cha kumtumaini Mungu hata kufa.

Wanahistoria wamelitazama tukio hili kwa njia mbili kuu. Maandishi ya Kanisa, hasa kitabu cha J. F. Faupel cha mwaka 1962, yamesimulia uthabiti wa imani wa mfiadini mmoja mmoja. Watafiti wengine, akiwamo John Rowe katika makala yake ya mwaka 1964, wamelichunguza tukio hilo ndani ya siasa za ikulu, ambamo kabaka kijana aliona utii wa watumishi wake ukihamia kwa bwana mwingine. Njia zote mbili zina ushahidi wake, lakini zinaacha swali moja bila jibu la kutosha: tumaini hilo lilijengwaje katika muda mfupi hivyo? Kati ya ubatizo wa kwanza wa Kikatoliki, mwezi Machi 1880, na moto wa Namugongo ilipita miaka sita tu.

Hoja ya insha hii ni kwamba tumaini la Wakristo wa Buganda lilikuwa mwenendo wa pamoja uliozoeleka kabla ya mateso, katika kusoma, kuuguza wagonjwa na kuongozana wakati ambapo hapakuwa na mmisionari. Kwa sababu hiyo haliwezi kueleweka kwa kuwatazama waliokufa peke yao. Historia yake inawahusu pia walionusurika, pamoja na yale waliyoyafanya walipopata madaraka.

2.0 Usomaji kama msingi wa imani

Wamisionari wa kwanza wa CMS walifika Buganda tarehe 30 Juni 1877, na Alexander Mackay akafika Novemba 1878. Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans, wa shirika la Mapadre Weupe, walifika Februari 1879. Hata hivyo, wageni hao hawakuikuta nchi isiyojua kitabu. Wafanyabiashara Waislamu kutoka Pwani walikuwa wamekwisha kuleta Kurani, maandishi na lugha ya Kiswahili katika ikulu ya Kabaka Mutesa I. Mwaka 1875, Henry Stanley alimwacha kwa Mutesa kijana Dallington Muftaa, aliyesomeshwa na misheni ya UMCA Zanzibar, naye akawa mwandishi na mwalimu pale ikulu.

Mafundisho ya mwanzo ya Kikristo yalipita kwa sehemu kubwa katika Kiswahili. Mackay alitumia tafsiri za Askofu Edward Steere wa Zanzibar kabla maandiko ya Kiganda hayajapatikana. Injili ya Mathayo kwa Kiganda ilikamilika kuchapwa baada ya mauaji, mwaka 1887. Wafuasi wa dini mpya, Waislamu na Wakristo vilevile, waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Kusoma na kusali vikawa jambo moja katika lugha ya watu.

Jina hilo lina uzito katika mjadala huu. Msomaji hakuwa mtu aliyekiri imani kwa siku moja. Alikuwa mwanafunzi aliyejifunza herufi, akakariri sala, akamfundisha mwenzake usiku baada ya kazi za ikulu. Maarifa hayo yalipita kutoka kwa kijana hadi kijana, nje ya uangalizi wa machifu na mara nyingi nje ya macho ya wamisionari wenyewe. Kwa hiyo, mwaka 1886 kabaka alipotaka wanaosali wajitenge na wenzao, alikuwa anakabili mtandao wa watu waliofundishana kwa miaka kadhaa.

Ikumbukwe pia kwamba Wakristo hawakuwa wa kwanza kufa kwa ajili ya dini katika Buganda. Mwaka 1876, Mutesa aliwaua wasomaji Waislamu wapatao 70 waliokataa, pamoja na mambo mengine, kula nyama iliyochinjwa kinyume cha sheria ya dini yao. Watu wa ikulu walijua, kabla ya misheni yoyote kustawi, kwamba kusoma kunaweza kumgharimu mtu uhai.

3.0 Jamii bila mapadre, 1882–1885

Novemba 1882, Mapadre Weupe waliondoka Buganda na kwenda kusini mwa Ziwa Viktoria. Hawakurudi hadi Julai 1885. Kwa muda wa karibu miaka mitatu Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padre, na hivyo hawakuwa na misa. Kwa kawaida ya misheni nyingi za wakati huo, kundi changa kama hilo lingetarajiwa kusambaratika. Mapadre waliporudi walikuta limeongezeka.

Uongozi ulishikwa na walei. Joseph Mukasa Balikuddembe, aliyekuwa na cheo kikubwa miongoni mwa watumishi wa ikulu, aliwafundisha vijana waliokuwa chini yake. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa kabaka, aliifanya nyumba yake kuwa mahali pa mafundisho. Magonjwa ya kuambukiza yalipozuka, wasomaji waliwauguza wagonjwa, wakawabatiza waliokuwa wakikata roho na kuwazika waliokufa, huku watu wengine wakiwakimbia. Huko Mityana, mbali na mji mkuu, Matia Mulumba, Luka Banabakintu na mfinyanzi Noe Mawaggali waliongoza jamii ya waumini ambayo haikuwa na mmisionari wa kudumu.

Upande wa Waanglikana wamisionari hawakuondoka, lakini nao walitambua kwamba huenda wangefukuzwa au kuuawa wakati wowote. Mwaka 1885 liliundwa baraza la wazee Waganda ili Kanisa lisife endapo wageni wangetoweka. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Nikodemo Sebwato.

Kipindi hiki ndicho kinachotoa ushahidi mzito zaidi wa hoja ya insha hii. Kumtumaini Mungu, kwa wasomaji hao, kulimaanisha kuendelea na kazi Yake pasipo msaada wa nje na pasipo dalili kwamba msaada huo ungerudi. Walijizoeza kukosa kabla ya kujaribiwa kwa moto.

4.0 Mateso ya 1885–1887

Mutesa alifariki Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akatawala akiwa bado kijana mdogo. Tarehe 31 Januari 1885, vijana watatu wa nyumba ya misheni ya Kianglikana, Mako Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuhu Seruwanga, waliuawa huko Busega. Oktoba mwaka huohuo, Askofu James Hannington alikaribia Buganda kupitia Busoga, yaani kutoka mashariki. Katika imani ya kisiasa ya Waganda, hatari ya kutekwa kwa nchi ilitarajiwa kutoka upande huo, na wakati huo habari za Wajerumani kunyakua maeneo ya Pwani zilikuwa zimeenea. Hannington aliuawa tarehe 29 Oktoba pamoja na wengi wa wapagazi wake. Mukasa Balikuddembe alimlaumu kabaka kwa kumuua mgeni bila kumsikiliza, naye akauawa tarehe 15 Novemba 1885.

Mwezi Mei 1886 mauaji yakawa makubwa. Vijana wa ikulu walikuwa wakikataa matakwa ya kimwili ya kabaka, na kukataa huko kulihesabiwa kuwa uasi. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei, Karoli Lwanga, aliyechukua nafasi ya Mukasa, aliwabatiza wakatekumeni kadhaa, akiwamo Kizito aliyekuwa na umri wa miaka 14 hivi. Tendo hilo ni la maana kwa mwanahistoria. Kama vijana hao wangetarajia kuponyoka, palikuwa na sababu ya kungoja wakati wa utulivu na padre wa kuwabatiza. Waliujua mwisho uliokuwa mbele yao, wakauendea pamoja. Tarehe 3 Juni 1886 wengi wao, Wakatoliki na Waanglikana, waliteketezwa kwa moto Namugongo.

Vyanzo havionyeshi kwamba Wakristo wote walijitoa kufa. Wengine walikimbia, wengine walijificha kwa ndugu na marafiki, na baadhi walilindwa na machifu ambao hawakuwa Wakristo. Kukimbia hakukuhesabiwa na wenzao kuwa kuikana imani. Jambo hili linapinga tafsiri inayofanya mateso yenyewe kuwa kitu cha kutafutwa. Wasomaji waliogopa kifo kama watu wengine. Walichokataa ni kuununua uhai kwa kumkana Yule waliyemwamini.

5.0 Walionusurika

Siku ya Namugongo vijana watatu Wakatoliki, Denis Kamyuka, Simeoni Sebuta na Karoli Werabe, waliondolewa katika kundi la waliohukumiwa kabla ya moto kuwashwa. Sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kuhusu saa za mwisho za wafiadini inatokana na mashahidi wa aina hiyo. Wafiadini Wakatoliki walitangazwa wenye heri mwaka 1920 na watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Bila walionusurika, heshima hiyo isingekuwa na ushahidi wa kuitegemea.

Yupo pia Munaku, dada yake Noe Mawaggali. Kaka yake alipouawa Mityana tarehe 31 Mei 1886, yeye alichukuliwa mateka. Baadaye alifika kwa wamisionari na kulitumikia Kanisa kwa maisha yake marefu. Hakuna siku ya hija inayomhusu yeye peke yake, lakini tumaini lake lilidumu kwa miongo mingi, palipokuwa na huzuni ya kubeba kila asubuhi. Apolo Kaggwa alipigwa vibaya na Mwanga akaachwa hai. Honorati Nyonyintono alikatwa viungo vya uzazi, akaendelea na imani yake. Mateso ya watu hao hayakumalizika kwa kifo, na kwa sababu hiyo ni vigumu zaidi kuyaingiza katika simulizi la ushindi.

6.0 Tumaini mbele ya madaraka

Septemba 1888, Wakristo na Waislamu waliungana kumwondoa Mwanga. Mwezi uliofuata Wakristo walifukuzwa mjini, wakakimbilia upande wa Ankole. Waliporudi walirudi na bunduki, na kufikia mwaka 1890 walikuwa wamemrudisha Mwanga yuleyule katika kiti, wao wenyewe wakigawana vyeo. Nyonyintono alikuwa amekwisha kuuawa vitani mwaka 1889. Mackay na Lourdel wote wawili walifariki kwa maradhi mwaka 1890.

Tarehe 24 Januari 1892, pale Mengo, Waprotestanti na Wakatoliki walipigana wao kwa wao, Kapteni Frederick Lugard akiwaunga mkono Waprotestanti. Haikuwa imetimia hata miaka sita tangu watu wa makundi hayo mawili walipoteketezwa pamoja Namugongo. Waliojua kumtumaini Mungu walipokuwa hawana kitu walishindwa kumwachia Mungu jambo lolote walipopata mamlaka, mashamba na silaha.

Itakuwa rahisi mno kusema kwamba imani yao ya awali ilikuwa ya uongo. Ushahidi unaonyesha kwamba ilikuwa ya kweli. Ila mazoea yaliyowafundisha kukosa hayakuwafundisha kutawala. Jamii ya walei iliyokuwa nguzo wakati wa dhiki ikageuka kuwa chama cha siasa, na uaminifu kwa wenzao ukageuka uadui kwa wasomaji wa upande wa pili.

7.0 Hitimisho

Historia ya wasomaji wa Buganda inaonyesha kwamba kumtumaini Mungu katika mateso kulikuwa na mizizi ya kijamii inayoweza kuchunguzwa: usomaji wa pamoja, huduma kwa wagonjwa, na uongozi wa walei wakati wa kutokuwapo kwa mapadre. Mizizi hiyo haiondoi fumbo la imani, ila inaeleza kwa nini vijana walisimama imara bila kufundishwa ujasiri siku ile ya mwisho.

Mwanga mwenyewe aliasi dhidi ya Waingereza mwaka 1897, akahamishwa hadi visiwa vya Shelisheli, akabatizwa huko kwa jina la Danieli, na akafariki mwaka 1903. Mtesaji alimaliza maisha yake akiwa mfungwa na Mkristo. Kumbukumbu ya Namugongo ingekuwa kamili zaidi kama ingebeba yote haya kwa pamoja: waliokufa, walionusurika, waliogeuka kuwa watawala, na kabaka aliyeikubali imani hiyo akiwa hana tena kiti. Kanisa linalowakumbuka wafiadini peke yao linajifunza namna ya kufa. Watu wa Mityana kabla ya 1886, na Munaku baada yake, wanafundisha namna ya kuishi na tumaini hilohilo wakati ambapo hakuna anayetazama.