Ufa ulio chini ya Goma

Wasomi wenzangu, jioni ya 22/05/2021 Nyiragongo ililipuka bila kupiga hodi. Lava ilisimama pembezoni mwa mji, na batu walisema: "Sasa imeisha." Lakini ardhi iliendelea kutetemeka, niliona barabara imepasuka. Kumbe sismometa zilionyesha matetemeko yanashuka kusini mpaka chini ya ziwa Kivu, na rada za sateliti zilionyesha ardhi inapanuka: magma ilifungua ufa chini ya nyumba zetu. Tarehe 27 sehemu kubwa ya mji iliambiwa ihame. Safari hii magma haikutoka. Mwaka 2002 ilitoka katika nyufa za namna hiyo, ikaunguza katikati ya mji. Basi tuzichunge zile mashine; macho yetu hayafiki kule chini.