Sipahi wa Longido: Kumbukumbu ya Askari Asiye na Jina

Katika kitabu cha maadhimisho kama hiki ni desturi kuwataja waasisi na wafadhili kwa majina yao. Tumeona vema ukurasa huu umkumbuke mtu ambaye jina lake halijulikani kwetu: askari wa miguu kutoka India, aliyeitwa kwao sipahi, ambaye alipigana katika nchi hii wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Anayetoka Olmotonyi na kushika barabara ya Nairobi hupita chini ya mlima wa Longido kabla ya kufika Namanga. Mwaka 1914 hapo palikuwa mpakani mwa himaya mbili, na Wajerumani walikuwa wameweka kambi mlimani. Septemba mwaka huo askari wa India walianza kushuka Mombasa. Miongoni mwao walikuwamo kikosi cha 29 cha Punjab na askari wa mtawala wa Kapurthala. Walichanganyika humo Wahindu, Masingasinga na Waislamu, wengi wao wana wa wakulima, ambao mshahara wao ulikuwa rupia 11 kwa mwezi.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba 1914 walitembea kutoka Namanga, na alfajiri wakaanza kuupanda mlima ukiwa umefunikwa na ukungu. Mapigano yalipopamba moto, mabaghala, yaani nyumbu wa mizigo waliobeba maji, walitimka na maji yakapotea pamoja nao. Jua likapanda, na askari wakapigana mchana kutwa kwenye mawe wakiwa na kiu. Jioni walirudi nyuma. Wakati huohuo ndugu zao wapatao 8,000 walikuwa wakiteremshwa Tanga, ambako baada ya siku chache nao walishindwa na jeshi dogo zaidi.

Haki inatutaka tuutazame upande wa pili pia. Aliyemlenga sipahi bunduki pale Longido mara nyingi alikuwa askari Mwafrika aliyetumikia maofisa wa Kijerumani. Wote wawili hawakuulizwa kama vita hivyo ni vyao. Nyuma yao walikuwapo wapagazi, waliobeba chakula na risasi za majeshi yote mawili. Kwa miaka minne malaria, kuhara na njaa viliua watu wengi kuliko risasi, na wapagazi waliokufa wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Wamebaki wapi? Dar es Salaam, Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, inamheshimu Mwafrika mpiganaji bila kutaja jina la mtu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba baada ya vita hivyo watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Maelfu mengine, wakiwamo Wahindi, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao Wazungu. Jeshi lililojua kuhesabu bunduki zake halikuona haja ya kuwahesabu hivyo wafu wake.

Baada ya miaka thelathini safari iligeuka. Katika Vita Kuu ya Pili vijana wa Tanganyika waliingia jeshi la KAR, wakapelekwa Ceylon, na mwaka 1944 wakaingia Burma wakiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Walipita bonde la Kabaw katika mvua na matope, na Desemba wakafika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Jeshi la 14 walilolitumikia lilikuwa na Wahindi wengi kuliko taifa lingine lolote. Hivyo mwana wa Punjab alikufa karibu na Meru, na mwana wa Tanganyika akafia Burma, akipigana bega kwa bega na ndugu za yule wa kwanza. Ujirani wetu una deni la pande zote mbili.

Katika siku za Pitru Paksha waumini hutoa tarpan, maji yenye ufuta, kwa ajili ya wazazi waliotangulia, na hata kwa marehemu wasio na mtoto wa kuwakumbuka. Tunaomba mwaka huu maji hayo yamfikie pia sipahi wa Longido, ambaye siku ile alikosa maji, pamoja na askari aliyepambana naye na mpagazi aliyewabebea mizigo. Na kwa majirani zetu tunaomba jambo moja: mzee wa ukoo wenu aliyekwenda Burma, au aliyechukuliwa upagazi asirudi, aandikwe jina lake leo, angali yupo anayelikumbuka.