Merikani katika Ugogo: Nguo, Hongo na Maneno Yake

Merikani ilikuwa nguo ya pamba isiyotiwa rangi, iliyofumwa kwa mashine katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za wafanya biashara wa Salem. Biashara hiyo ilipata nguvu kwa mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said. Kutoka pwani wapagazi waliichukua mpaka bara, wakipita Ugogo, nchi kame ambayo mji wake mkubwa leo ni Dodoma.

Mashariki ya Ugogo ilikuwako nyika ya Marenga Mkali, na magharibi Mgunda Mkali, zote mbili zenye shida ya maji. Msafara uliofika kati yake ulikuwa na kiu na njaa, na Wagogo ndio waliokuwa na visima, nafaka, maziwa na samli. Watemi walidai hongo, nayo ililipwa kwa nguo. Burton, aliyepita huko mwaka 1857, na Stanley, aliyepita mwaka 1871, wote waliilalamikia, na malalamiko yao yameaminiwa kupita kiasi. Yeye aliyechimba kisima katika nchi ya ukame ana haki ya kuuliza bei ya maji yake.

Basi nguo iliingia nyumbani kwa milango miwili: kwa hongo ya mtemi, na kwa vyakula ambavyo watu wenyewe waliwauzia wasafiri. Mikono minne ilikuwa shuka. Shuka mbili, doti. Na jora lilikuwa kama yadi 30. Mkono, bila shaka, si sawa kwa kila mtu, na hapo palikuwa na maneno mengi. Nguo hiyo ilikuwa vazi na fedha pamoja: iliyovaliwa ilichakaa, iliyowekwa iliweza kununua.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hata 1865, vilivinyima viwanda vile pamba. Nguo za Uingereza, na baadaye za Bombay, zikashika mahali pake. Lakini jina halikuondoka. Nguo ya Bombay nayo ikaitwa merikani, kwa kuwa neno lilikwisha kuwa jina la namna ya nguo, wala si la nchi itokako.

Mwaka 1898 Wadachi walianza kutoza kodi ya nyumba, na mwaka 1910 reli ilifika Dodoma. Misafara ya miguu ikafifia, na nguo ikawa ya kununuliwa dukani kwa rupia, ambazo mtu hakuzipata ila kwa kuuza ng'ombe au nafaka, au kwa kazi ya mshahara. Doti imesalia katika kanga. Shuka sasa hutandikwa kitandani. Hongo ndiyo iliyopata hasara kubwa: siku hizi maana yake ni rushwa, na msomaji mgeni akikuta katika habari za kale kwamba mtemi fulani alipokea hongo, humhukumu kwa kosa ambalo hakulitenda.